Mjomba Aliyepitiliza Kona

Sogeeni karibu, wanangu. Wa Kakuma na Lodwar, wa Kalobeyei kuanzia Kijiji cha 1 hadi cha 3, na hata wewe unayenisoma ukiwa Kigoma au Mombasa. Leo nina hadithi ya bodaboda na ini. Mjomba nitakayemsimulia nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msimtafute stejini. Ila kila jambo litakalompata huwapata watu wa kweli, na madaktari wamelichunguza kwa miaka mingi.

Mjomba alizaliwa katika boma la wafugaji pembeni mwa Kakuma. Utotoni alichunga mbuzi, na alipokua akauza baadhi yao akanunua pikipiki. Kazi yenyewe mnaijua. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa 2016, na watu hawaachi kwenda na kurudi kati ya huku na kule: mama kutoka Kongo na gunia lake la unga, fundi wa Kirundi na toroli iliyokunjwa, msichana wa Sudan Kusini anayewahi mtihani. Wengi wao walipenda kupanda kwa Mjomba kwa sababu hakuwa na papara. Mbuzi wakiwa kandokando ya barabara, alijua yupi atavuka na yupi atasimama, maana alikua nao.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo, taratibu sana, hata nyumbani hawakuweza kusema yalianza lini. Usiku macho makavu, mchana anasinzia juu ya pikipiki stejini, jua la Turkana likimchoma usoni. Jioni akihesabu mapato, hesabu haikai sawa. Siku moja alituma pesa za mafuta kwa namba isiyo yenyewe. Vifungo vya shati vikawa vinamchukua muda mrefu. Kwenye daftari la chama cha wanabodaboda, saini yake ambayo zamani ilikuwa imenyooka ikaanza kupinda na kushuka chini ya mstari.

Wenzake wakanong'ona kwamba amerudia pombe. Mama mkwe akasema amerogwa, akataka emuron, mganga wa Kiturkana, aitwe. Hakuna aliyetaja ini. Ni nani angedhani kwamba kiungo kilichokaa chini ya mbavu ndicho kinachomvuruga mtu kichwani?

Aliyeliona jambo kwa karibu ni binti wa dada yake, mwanafunzi wa Gredi ya 7, ambaye Mjomba alikuwa akimrudisha nyumbani kutoka shule. Jioni moja walikuwa kwenye lami. Binti akaiona kona yao ikija, ile yenye mti wa mathenge na kibanda cha kuuza maji. Pikipiki haikupunguza mwendo.

"Mjomba, tunakata hapa."

Kimya. Kona ikapita. Mbele yao mbuzi wanne wakaanza kuvuka, na upande wa pili lori lilikuwa linakuja. Mjomba alishika breki, lakini alichelewa. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye mchanga ulioletwa na upepo, lori likapiga honi ndefu, na pikipiki ikasimama mbuzi wa mwisho akiwa karibu aguse taa.

"Mjomba, uliliona lile lori?"

"Nililiona."

"Uliliona lini?"

Mjomba hakujibu. Akageuza pikipiki, wakarudi polepole.

Hebu tupige hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva mwenye akili iliyochangamka humwona mbuzi, akaamua, mkono wake ukafika kwenye breki, yote ndani ya sekunde moja na kidogo. Mwongezee sekunde moja tu ya kuchelewa, na pikipiki imekwenda mita 17 zaidi kabla breki haijaguswa. Mjomba hakuwa amelala na hakuwa amelewa. Sekunde yake moja ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza ni ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, na limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Chakula kikisagwa tumboni, damu inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja moyoni. Hupitishwa kwanza kwenye ini ili ikaguliwe. Ndani ya utumbo wanaishi bakteria wengi wasiohesabika, na wanapovunjavunja protini, iwe ya nyama, maziwa au maharagwe, hutoa kemikali iitwayo amonia. Ini zima huikamata amonia hiyo na kuigeuza kuwa yurea, figo zinaichukua, nawe unaikojoa. Kila siku ya maisha yako kazi hiyo inafanyika bila wewe kuhisi chochote.

Sasa ini likiumizwa miaka nenda miaka rudi, hujaa makovu na kuwa gumu. Madaktari huita hali hiyo sirosisi. Mnaujua mto Tarach mvua zinaponyesha milimani: maji yakikuta njia yake imezibwa na mchanga na magogo, hayarudi yalikotoka, yanatoboa vijia vya pembeni na kuingia mahali ambapo hakuna aliyeyatarajia. Damu hufanya vivyo hivyo. Ikikuta ini gumu, hutafuta mishipa ya kando na kulipita ini bila kukaguliwa, ikiwa na amonia yake yote, mpaka ubongoni.

Ubongoni kuna seli zenye umbo la nyota, ambazo kazi yake ni kuzilinda na kuzilisha seli zinazofikiri. Seli hizo za nyota hujitolea kuimeza amonia na kuigeuza kuwa kitu kingine, glutamini. Lakini glutamini huvuta maji, nazo seli zinavimba. Ubongo uliozungukwa na walinzi waliovimba hufanya kazi kwa uzito. Mwanzoni mtu huzungumza vizuri, anasalimia, anatania. Kinachopungua ni wepesi: kugawa akili kati ya kioo cha pembeni, honi ya nyuma na mbuzi wa mbele, kukumbuka kona ipi ni ya kwetu, kuuzuia mkono usivute mafuta wakati ulipaswa kuvuta breki. Hali ikizidi, usingizi hugeuka, mchana ukawa usiku. Ikizidi tena, mtu huchanganyikiwa waziwazi, na mwishowe anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Hatua ile ya mwanzo, iliyojificha, ndiyo inayonikosesha raha nikifikiria barabara zetu. Mwaka 1981 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wa sirosisi waliojiona wazima, watu ambao hata daktari akiongea nao haoni kasoro. Zaidi ya nusu yao walionekana hawafai kuendesha gari. Mwaka 2004 wengine, Ujerumani hukohuko, waliwatoa wagonjwa kwenye barabara halisi, mwalimu wa udereva akiwa kiti cha pembeni. Wale wenye mvurugo huo wa akili uliojificha waliendesha vibaya kuliko wenzao, na mwalimu alilazimika kuingilia kati mara nyingi zaidi. Nchini Marekani, daktari Jasmohan Bajaj na wenzake waliwaketisha wagonjwa mbele ya mashine inayoiga uendeshaji, wakawapa ramani waifuate. Wenye mvurugo walikata kona zisizo zao. Mwaka 2008 kundi hilohilo likatoa matokeo ambayo ningependa kila familia iyajue: wagonjwa hao, wakiulizwa, walijipa alama nzuri za udereva sawa na watu wenye afya, ilhali watu wanaowafahamu vizuri waliwapa alama za chini.

Kwa hiyo Mjomba hakuwa mwongo aliposema yuko sawa. Alisema alichokiona, na chombo chake cha kujionea ndicho kilichokuwa kinaumwa.

Lakini tusimwonee mgonjwa. Katika ule mtihani wa Ujerumani wa 2004, wagonjwa wa sirosisi wasio na mvurugo waliendesha sawa na watu wenye afya. Kuwa na ugonjwa wa ini peke yake si sababu ya kunyang'anywa funguo. Ndiyo maana mtu anapaswa kupimwa.

Binti alimweleza mama yake mambo yote: kona, lori, usingizi wa mchana, saini iliyopinda. Mama akampeleka kaka yake kituo cha afya, na kutoka huko akatumwa Lodwar kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Daktari alimwangalia macho, akaona umanjano hafifu. Akamgusa tumbo, likawa limeanza kujaa maji. Kisha akamwambia anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama askari wa trafiki anayesimamisha gari. Viganja vikawa vinaanguka ghafla na kuinuka tena, vinaanguka na kuinuka, kama vinapiga makofi hewani. Dalili hiyo ilielezwa na madaktari wawili wa Marekani, Raymond Adams na Joseph Foley, mwaka 1949, na mpaka leo haihitaji mashine wala umeme.

"Haya," daktari akasema, "nitajie wanyama wengi kadiri uwezavyo. Una dakika moja."

Binti alitabasamu, akijua mjomba wake atamchosha daktari.

"Mbuzi," Mjomba akaanza. "Kondoo. Ngamia. Punda. Ng'ombe." Akanyamaza. Saa ya daktari ikaendelea kutembea. "Mbuzi… Mbwa." Akatazama dirishani kwa muda mrefu. "Fisi."

Dakika ikaisha. Wanyama saba, na mbuzi mara mbili, kwa mtu aliyekulia bomani. Twiga, swala, digidigi, mbweha, pundamilia, mamba wa Ziwa Turkana, wote walikuwa kichwani mwake lakini hakuweza kuwafikia. Binti hakutabasamu tena.

Mchezo huo ni kipimo cha kweli. Watafiti wa Italia waliuchapisha mwaka 2017 baada ya kuujaribu kwa wagonjwa wa sirosisi. Anayetaja wanyama chini ya 10 kwa sekunde 60 kuna uwezekano mkubwa amevurugika, aliye kati ya 10 na 15 anatiliwa shaka, na anayepita hapo kwa kawaida yuko salama. Umri mkubwa na kutosoma shule hupunguza hesabu, kwa hiyo daktari huzingatia hayo. Msiende sasa kumpima babu kwa mchezo huu na kumtangazia ugonjwa. Kipimo hiki huwahusu watu ambao tayari inajulikana ini lao lina makovu.

Ini la Mjomba liliumizwa na nini? Wenzake waliapa ni chang'aa. Pombe ni kweli huliua ini, nami siitetei. Lakini damu yake ilipopimwa, ikaonekana virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huenda alivipata utotoni kutoka kwa mama au kwa wembe wa pamoja, na vikakaa humo kimyakimya kwa miongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na virusi hivyo, na kwamba homa za ini za virusi huua watu milioni 1.3 kila mwaka. Huenea kwa damu, kwa ngono bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Sahani moja, kikombe kimoja na salamu ya mkono haviambukizi, kwa hiyo asitengwe mtu. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2001, katika ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mjomba alizaliwa kabla ya hapo.

Najua baadhi yenu mnauliza: na ule uvimbe wa maji ambao Turkana inajulikana nao, je? Minyoo ya mbwa iitwayo ekinokoka hutengeneza mifuko ya maji ndani ya ini, na kwa miaka mingi Turkana ilihesabiwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana nayo hapa mwaka 1983. Ni ugonjwa mzito, lakini mara nyingi ini lililobaki pembeni ya mfuko huendelea na kazi yake, na kichwa kinabaki safi. Kila ugonjwa wa ini una tabia yake. Wa Mjomba ulikuwa wa makovu.

Alipewa kidonge cha tenofoviri cha kila siku cha kuvituliza virusi, na dawa ya maji, tamu sana, iitwayo laktulosi. Laktulosi hulainisha choo na kuifungia amonia ndani ya utumbo ili itoke nayo. Kipimo cha kuwa inafanya kazi ni kwenda choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Na hapa ndipo wengi hushindwa. Mtu wa barabarani anaona aibu kutafuta choo kila mara, anaruka dozi moja, anaruka ya pili, na baada ya siku chache akili inaanza kupotea upya. Ipo pia rifaksimini, dawa inayowapunguza bakteria wanaotengeneza amonia. Mwaka 2011 kundi lile la Bajaj lilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa hiyo waliendesha vizuri zaidi kwenye mashine ya kuigiza kuliko waliopewa dawa bandia. Maana yake ni kwamba sekunde iliyopotea inaweza kurudishwa.

Daktari pia alimwonya kuhusu mambo yanayouamsha mvurugo ghafla, na sisi wa Turkana tuyashike vizuri. Kufunga choo ni moja. Kukaukiwa maji mwilini ni jingine, na kwenye joto la Lodwar mtu hukaukiwa kabla hajasikia kiu, hata kuharisha kwa kuzidisha laktulosi kunaweza kumfikisha huko. Homa na maambukizi yoyote. Pombe. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani, ambavyo Mjomba alikuwa ameanza kumeza kwa sababu hakupata usingizi usiku. Na kutoka damu tumboni: akitapika damu au akienda choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa huenda ile mishipa ya kando imepasuka, na damu inayosagwa tumboni huzalisha amonia zaidi.

Nyumbani wakataka kumnyima nyama na maziwa, maana walisikia protini ndiyo mama wa amonia. Zamani hata madaktari walishauri hivyo. Siku hizi wanakataza kumnyima mgonjwa protini, kwa sababu misuli nayo husaidia kuiondoa amonia, na mtu aliyekonda huvurugika haraka. Ale kidogokidogo mara nyingi, na asilale na njaa.

Jambo lililomuuma zaidi Mjomba lilikuwa pikipiki. Daktari alimkataza kuendesha mpaka atakapopimwa tena na kuonekana akili imekaa sawa. Mwanaume mwenye watoto, ukimwondoa barabarani umemwondolea sahani mezani, na sitaki mtu yeyote alichukulie jambo hilo kwa wepesi. Familia ilikaa kikao. Wakamkabidhi kijana wa jirani pikipiki kwa makubaliano ya kuleta hesabu kila jioni, na Mjomba akakaa stejini akipokea mizigo na kupanga abiria. Wenzake waliokuwa wakimwita mlevi walielezwa ukweli na mwenyekiti wa chama. Wakaomba radhi. Chama chochote cha boda, kuanzia Nadapal mpaka Kitale, kingeweza kufanya hivyo, kwani kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara za Kenya, na waendesha pikipiki ni wengi miongoni mwao.

Sasa wewe kijana unayepanda nyuma ya pikipiki, sikiliza neno langu. Wewe ndiye unayeiona barabara pamoja na dereva, na macho yako huenda ni mazima kuliko yake. Ukiona mtu wako anapitiliza kona anayoijua, anachelewa kushika breki, analala mchana na kukesha usiku, au macho yamegeuka manjano na tumbo linajaa, usimcheke na usimwite mlevi. Mwambie kwa heshima, "Mjomba, samahani, naomba tusimame," kisha ushuke. Mweleze mama, shangazi au mwalimu siku hiyohiyo, ukitaja ulichokiona, siku na mahali. Ukiwa Kalobeyei, kituo cha afya cha Natukobenyo kipo. Ukiwa Lodwar, hospitali ya kaunti ipo. Mwende naye, na wewe ndiwe usimulie, kwa sababu yeye atasema yuko sawa.